Jina la Mtumaji: Historia ya Barua Pepe za Kughushi

Mwaka 1997, jijini Austin katika jimbo la Texas, Tracy LaQuey Parker alianza kurudishiwa maelfu ya barua pepe ambazo hakuwahi kuzituma. Hakuwa mgeni wa intaneti. Miaka mitano kabla alikwishatoa kitabu cha kuwaongoza watu wanaoanza kuitumia, na ndiye aliyekuwa akimiliki jina la kikoa flowers.com. Mfanyabiashara mmoja wa California alikuwa ametuma matangazo kwa watu chungu nzima ambao hawakuyaomba. Katika orodha za namna hiyo anwani nyingi huwa zimekufa, na barua zisizofika hurudi kwa aliyetajwa kuwa mtumaji. Mtu yule hakutaka zimrudie yeye, kwa hiyo mahali pa mtumaji akaandika anwani ya flowers.com.

Mzigo ukawaangukia Parker na Zilker Internet Park, kampuni ndogo iliyokuwa ikimhudumia. Seva za kampuni zikajaa barua zilizorudi, na wafanyakazi wakabaki kufagia uchafu wa mtu wasiyemjua. Wakaenda mahakamani, wakiungwa mkono na chama cha watoa huduma za intaneti wa Texas. Novemba mwaka huohuo mahakama ya kaunti ya Travis iliamua kwamba kutumia jina la kikoa la mtu bila idhini yake ni kuingilia mali yake, tena ni kero mbele ya sheria. Mshtakiwa akaamriwa kulipa takriban dola 19,000 na kukatazwa kulitumia tena jina hilo.

Hukumu ilikuwa ya haki, ila ilimbana mtu mmoja tu. Kesho yake mtu mwingine yeyote, popote duniani, angeweza kuandika flowers.com mahali pa mtumaji, na hakuna seva ambayo ingemuuliza ruhusa ameipata wapi.

Kisa cha pengo hili kinarudi nyuma hadi mwanzo wa barua pepe yenyewe. Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alituma barua pepe ya kwanza kutoka mashine moja kwenda nyingine mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mtandao wa ARPANET wakati ule uliunganisha vyuo vikuu, maabara na ofisi za jeshi la Marekani. Watu walikuwa wachache na wengi wao walifahamiana, na aliyevuruga mambo angepigiwa simu akaulizwa. Hata hivyo hatari iliwahi kuonekana. Novemba 1975 Jon Postel aliandika waraka mfupi kuhusu barua zisizotakiwa, akieleza kwamba mashine inayopokea haina njia ya kukataa ujumbe wa mtumaji msumbufu. Waraka ukawekwa kwenye kumbukumbu, kazi zikaendelea.

Mwaka 1982 Postel huyohuyo alichapisha SMTP, kanuni ambazo barua pepe inazifuata hadi leo. Inafaa tutazame kwa karibu mazungumzo yanayofanyika seva moja inapompelekea mwenzake barua, maana ugonjwa wote umejificha humo. Seva inayotuma hujitambulisha. Kisha husema MAIL FROM na kutaja anwani ya mtumaji. Halafu husema RCPT TO na kumtaja mpokeaji. Mwisho husema DATA na kuimwaga barua nzima, ambayo ndani yake mna mstari mwingine wa From, na huo ndio msomaji anaouona kwenye kioo cha simu yake. Kwa hiyo barua moja ina majina mawili ya mtumaji: la juu ya bahasha, ambalo seva hulitumia kurudisha barua iliyokwama, na la ndani, ambalo binadamu hulisoma. Hayalazimiki kufanana. Na kila anwani inapotajwa kwenye bahasha, seva inayopokea hujibu kwa tarakimu 250, yaani sawa, endelea. Hailinganishi na hailidai jina lolote uthibitisho.

Kanuni hizo zilipoandikwa upya mwaka 2001, waandishi walikiri waziwazi kwamba barua za SMTP si salama kwa asili yake, na kwamba hata mtu wa kawaida anaweza kuzungumza na seva moja kwa moja na kutengeneza barua ya kumhadaa mpokeaji asiye na habari. Siwalaumu waanzilishi. Walijenga chombo cha kufikisha ujumbe kwenye mitambo iliyokuwa ikikatika kila mara, na hilo walilifanya vizuri mno. Wa kulaumiwa ni sisi tuliokuja baadaye, tukaweka juu ya chombo hicho ankara za benki, barua za ajira na majibu ya hospitali kabla hatujakifunga.

Mapema mwaka 1997, miezi kadhaa kabla ya hukumu ya Austin, ubaya huu ulikuwa umepata sura nyingine. Mtu mmoja aliyeitwa Joe alikuwa akiwapa watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao kwenye tovuti ya joes.com. Mteja mmoja akaitumia kutangaza kwa barua taka, Joe akamfungia. Mteja akalipiza kisasi: akasambaza barua taka nyingine zilizoonekana zimetoka kwa Joe mwenyewe. Waliozipokea wakamgeukia Joe kwa hasira, na tovuti yake ikashambuliwa hadi ikazimika. Tangu siku hizo wahandisi wanaotumia Kiingereza huliita shambulio la namna hiyo kwa jina lake. Ukitafakari utaona uzito wake: mwenye kuhifadhi tovuti alitimiza wajibu wake wa kumfukuza mtumaji wa barua taka, na adhabu aliyoipata ni kuitwa mtumaji wa barua taka.

Kisha vikaja virusi. Klez mwaka 2002 na Sobig.F Agosti 2003 viliingia kwenye kompyuta, vikasoma anwani zilizohifadhiwa humo, vikachagua moja kuwa mpokeaji na nyingine kuwa mtumaji. Aliyeambukizwa hakutajwa popote. Programu za kuzuia virusi zikawa zinamwandikia mtu asiye na hatia kumwonya kwamba kompyuta yake ni chafu, na maonyo hayo yenyewe yakawa mafuriko.

Dawa ya kwanza ilitoka kwa watu wachache waliofikiria jambo lilelile wakiwa mbalimbali. Mfumo wa majina ya vikoa, DNS, ulikuwa tayari unaueleza ulimwengu ni seva ipi inayopokea barua za kikoa fulani. Kwa nini usieleze pia ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma? Paul Vixie, aliyejulikana kwa kazi yake kwenye programu ya DNS iitwayo BIND, aliandika pendekezo la namna hiyo mwaka 2002. Hadmut Danisch wa Ujerumani akaja na lake, na Gordon Fecyk na lake. Mwaka 2003 Meng Weng Wong, mwanzilishi wa huduma ya barua pepe ya Pobox, aliyachukua mawazo hayo akayaunganisha kuwa kitu kimoja kinachoitwa SPF.

SPF ni mstari mmoja wa maandishi ambao mwenye kikoa huutundika kwenye DNS yake. Unaweza kuwa hivi: v=spf1 ip4:192.0.2.10 -all. Maana yake ni kwamba barua zangu hutoka kwenye mashine yenye namba hii, na nyingine zote zikataliwe. Seva inayopokea husoma jina la kikoa lililo kwenye bahasha, huuliza DNS, kisha hulinganisha jibu na namba ya mashine inayozungumza nayo wakati huo. Alama ile ndogo kabla ya neno all ina uzito: ukiweka kistari, unasema kataa; ukiweka wimbi dogo, ~all, unasema tilia shaka lakini pokea. Wamiliki wengi wa tovuti waliweka wimbi na wengi hawajalitoa mpaka leo.

Mwaka 2004 ulipaswa kuwa mwaka wa ushindi. Januari, kule Davos, Bill Gates alitabiri kwamba tatizo la barua taka lingekuwa limekwisha baada ya miaka miwili. Microsoft ilikuwa na pendekezo lake, likaunganishwa na SPF na kuitwa Sender ID. IETF, jumuiya ya wahandisi inayoandika kanuni za intaneti, ikaunda kikundi kazi kiitwacho MARID mwezi Machi. Mambo yalivunjikia kwenye hataza. Microsoft ilidai haki juu ya sehemu ya ufumbuzi huo na kuweka masharti ya leseni. Apache Software Foundation na mradi wa Debian, ambao programu zao huria zilikuwa zinaendesha sehemu kubwa ya seva duniani, walisema masharti yale hayapatani na uhuru wa programu zao, wakakataa. Septemba kikundi kikavunjwa. Nyaraka za pande zote mbili zilitoka Aprili 2006 zikiwa na hadhi ya majaribio tu, na SPF ikangoja hadi Aprili 2014 kuingizwa rasmi kwenye safu ya viwango. Miaka kumi! Wakubwa waligombana, na walioumia ni wenye vikoa vidogo ambao hawakuwa hata na habari kwamba kuna mkutano.

Pamoja na hayo, SPF peke yake isingetosha. Hukagua jina la bahasha tu, lile ambalo msomaji halioni. Tena huharibika barua inapoelekezwa upya: ukiituma kwa rafiki, na seva ya rafiki ikaipeleka kwenye anwani yake nyingine, seva ya mwisho itaona barua yako inaletwa na mashine ambayo hukuitaja. Barua ilihitaji kubeba ushahidi wake ndani yake.

Ushahidi huo ulitengenezwa na Mark Delany akiwa Yahoo, kwa jina la DomainKeys, wakati Jim Fenton na wenzake wa Cisco wakitengeneza mfumo unaokaribiana nao. Safari hii waliunganisha nguvu, na Mei 2007 ikatoka DKIM. Seva inayotuma hushika ufunguo wa siri na kutia saini barua, hesabu inayobadilika kabisa hata herufi moja ya maneno yaliyosainiwa ikiguswa. Ufunguo wa hadharani hutundikwa kwenye DNS ili yeyote aweze kuihakiki saini. Kati ya walioweka majina yao kwenye waraka huo yumo Eric Allman, aliyeandika Sendmail, programu ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikisafirisha sehemu kubwa ya barua pepe duniani. Namheshimu sana kwa hilo. Aliyesaidia kuzisambaza barua zisizo na uthibitisho alirudi kusaidia kuzithibitisha.

Saini nayo ina nguvu kadiri ufunguo wake ulivyo na nguvu. Mwanahisabati wa Florida, Zachary Harris, alipata barua kutoka kwa mtu aliyedai kutafutia Google wafanyakazi. Akaitilia shaka, akakagua vichwa vya barua, akakuta saini ya DKIM imetiwa kwa ufunguo wa biti 512 tu, ilhali kiwango kilidai angalau 1,024. Akadhani ni mtihani wa siri: atakayegundua ndiye atakayeajiriwa. Alikodi kompyuta za Amazon, na kwa kima cha dola 75 na muda wa siku kama tatu ufunguo wa namna hiyo huvunjika. Alipoupata akamwandikia Larry Page barua iliyoonekana imetoka kwa Sergey Brin, waanzilishi wawili wa Google, yenye saini halali ya kampuni. Hakujibiwa. Baada ya siku mbili akaona Google imebadilisha ufunguo wake kuwa wa biti 2,048. Hakukuwa na mtihani wowote. Alipochunguza zaidi alikuta eBay, Yahoo, Twitter na Amazon nao wanatumia funguo za biti 512. Habari hiyo ilitangazwa Oktoba 2012, na kampuni zikaanza kubadilisha funguo zao.

Mwaka huohuo pengo la mwisho lilizibwa. PayPal, ambayo jina lake lilikuwa likighushiwa usiku na mchana, ilikuwa tayari imepatana na Yahoo, kisha Gmail, kwamba barua yoyote ya PayPal isiyo na saini itupwe. Mapatano hayo yalifanya kazi vizuri, lakini nani angeweza kupatana na kila mpokeaji duniani? Januari 2012 PayPal, Google, Microsoft, Yahoo, AOL, Facebook, Bank of America na wengine walitangaza DMARC. Hii ndiyo iliyoyafunga majina mawili pamoja: kikoa kinachoonekana na msomaji sharti kiafikiane na kile kilichothibitishwa na SPF au kilichotia saini ya DKIM. Mwenye kikoa huandika pia agizo lake kwa barua zitakazoshindwa: none, ziacheni, quarantine, ziwekeni kando, reject, zikataeni. Na huomba ripoti. Kwa mara ya kwanza mwenye jina aliweza kuona ni mashine zipi duniani zinazojiita yeye.

Ukali wake ulionekana Aprili 2014. Yahoo, ikiwa imeelemewa na barua za kughushi zilizotumwa kwa majina ya wateja wake, iliweka reject kwenye yahoo.com, na AOL ikafuata mwezi huohuo. Orodha za barua za vyama na vikundi, ambazo hupokea barua ya mwanachama, huongeza maneno kidogo na kuisambaza, zikaanza kukataliwa kila mahali kwa sababu saini iliharibika njiani. Hilo lilikuwa pigo kwa watu wasio na kosa. Lakini serikali ziliona faida. Mamlaka ya mapato ya Uingereza ilieleza kwamba kwa mwaka 2016 ilizuia barua za utapeli milioni 300 zilizotumia jina lake, na Oktoba 2017 wizara ya usalama wa ndani ya Marekani ikaziamuru idara za kiraia za serikali ya shirikisho kufikia reject ndani ya mwaka mmoja.

Sasa tuingie kwenye nyumba za kupanga, maana huko ndiko wengi wetu tunakoishi. Mwenye duka, shule au shirika dogo hanunui seva yake. Hukodi nafasi kwenye seva ambayo tovuti nyingine nyingi zimo, wote wakitumia namba moja ya intaneti. Mstari wa SPF unaowekwa na kampuni ya kuhifadhi tovuti huitaja seva hiyo. Fomu ya mawasiliano ya jirani yako, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya PHP miaka mingi iliyopita na kuachwa bila marekebisho, ikitekwa na tapeli na seva isipozuia, inaweza kutoa barua yenye jina lako kutoka kwenye mashine ambayo wewe mwenyewe umeiidhinisha. SPF itasema barua ni halali, na mwandikiwa hatakuwa na sababu ya kushuku.

Ukubwa wa hatari hii ulianikwa Agosti 2023, kwenye mkutano wa DEF CON jijini Las Vegas, na mtafiti Marcello Salvati. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hupitisha barua zinazotoka kwa wateja wao kwenye kampuni ya MailChannels ya Vancouver, Kanada, ili ichuje barua taka. Kwa hiyo mistari ya SPF ya vikoa vya wateja hao huitaja MailChannels. Wakati huohuo MailChannels ilikuwa imewafungulia watumiaji wa huduma ya Cloudflare Workers mlango wa kutuma barua bure. Salvati alionyesha kwamba mtu mwenye akaunti huko aliweza kutuma barua kwa jina la kikoa chochote kati ya zaidi ya milioni 2, na SPF ikapita. Wamiliki wa vikoa hivyo hawakufanya kosa lolote; wengi, bila shaka, hawakuwahi hata kuisikia MailChannels. Kampuni ilileta rekodi ya ziada ya DNS ya kufunga kikoa, ambayo mwenye kikoa huitumia kutaja akaunti zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Lakini rekodi hiyo ilibidi iwekwe, na kuiweka kunadai kwanza mtu ajue kwamba ipo.

Februari 2024 Gmail na Yahoo walianza kulazimisha. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail sharti awe na SPF, DKIM na DMARC, na hata mtumaji mdogo sharti awe na SPF au DKIM. Mei 2025 Microsoft iliweka sharti la namna hiyo kwa wanaotuma kwa wingi kwenye Outlook. Masharti haya hayabagui nchi. Kikoa cha .co.tz au .co.ke hupimwa kwa kipimo kilekile cha .com, na chuo kinachotuma barua za kujiunga bila rekodi hizi huenda kikaona barua zake zinaishia kwenye kapu la taka.

Rekodi hizi zina mpaka wake, na anayeziuza kama kinga ya kila kitu anadanganya. Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alisajili Latvia kampuni yenye jina sawa na la Quanta Computer ya Taiwan, akatuma ankara za uongo, na kati ya 2013 na 2015 akachota zaidi ya dola milioni 120 kutoka Google na Facebook. Alihukumiwa miaka mitano New York Desemba 2019. Jina linalofanana na lako, likisajiliwa kihalali na tapeli, litapita SPF, DKIM na DMARC bila kuguswa. Hapo ulinzi ni mhasibu anayeinua simu na kupiga namba aliyokuwa nayo tangu zamani kabla hajalipa.

Ila jina lako lenyewe, lile unalolilipia kila mwaka, linalindika, na kulilinda hakuna gharama ya ziada zaidi ya saa chache za kazi. Mwandikie leo anayekuhifadhia tovuti, umuulize mambo manne: SPF yangu inaishia na kistari au wimbi? DKIM imewashwa, na ufunguo wake ni wa biti 2,048? DMARC yangu inasema nini, na ripoti zake zinakwenda kwa nani? Je, jirani yangu kwenye seva hii anaweza kutuma barua kwa jina langu? Anza DMARC na none, soma ripoti kwa wiki kadhaa hadi uwatambue wote wanaotuma kwa idhini yako, kisha panda hadi reject. Na kama una kikoa ambacho hukitumii kutuma barua kabisa, kiwekee v=spf1 -all na reject leo hii. Na asiyeweza kukujibu maswali hayo, hama kwake.